Gati dogo na msimu wa kusi: amua kabla tiketi hazijakatwa

Mkuu uliyeuliza, umesema umekabidhiwa gati dogo, kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, linakaribia, na wenye vyombo wameanza kukupigia simu wakisikia tu habari ya kuzuia safari. Mimi nimesimamia gati Kilindoni, Mafia, kwa misimu kadhaa, basi nitakujibu kwa ya kwetu. Ya kwako utayapima mwenyewe.

Kubwa kuliko yote: usingoje asubuhi ya safari ndipo uamue. Abiria wameshakata tiketi, mzigo umeshapakiwa, mgonjwa amelazwa kwenye mkeka anangoja kuvushwa Nyamisati, upande wa bara. Hapo hutazuia chombo. Utabembelezwa, utatukanwa, utapigiwa simu na mkubwa fulani, mwishowe utasema "haya, nendeni taratibu". Sisi tulikaa na wamiliki na manahodha mwezi Machi, bahari ikiwa bado shwari na hakuna aliyekuwa na pesa yake juu ya maji. Tukaandikiana: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mashua za mbao hazitoki, tiketi hazikatwi, na tangazo linabandikwa tangu jioni. Kila mmoja akatia sahihi.

Mabishano hayakuisha. Ila nilipata cha kuonyesha, na nahodha naye akapata pa kuegemea mbele ya tajiri wake. Huyu nahodha watu humsahau. Mara nyingi ndiye anayejua mapema kuliko wote kwamba bahari leo haifai, lakini akikataa, kesho usukani anapewa mwingine. Ukimlinda yeye umewalinda abiria.

Saa za kutoka nazo zina hesabu yake. Kusi hukaza zaidi Juni mpaka Agosti, na mchana huwa kali kuliko alfajiri, kwa hiyo mapema ni bora. Lakini tazama na maji. Upepo ukipingana na mkondo, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mawimbi yanakuwa mafupi yaliyosimama wima, na mashua iliyoshiba mzigo inachota maji hata kama utabiri ulikuwa mzuri. Nyamisati kwenyewe ni mikoko na maji membamba. Ukifika yamekupwa, unangoja nje na watu wanatapika. Piga hesabu ya pande zote mbili ndipo utaje saa.

Bamvua ina hatari nyingine hapo hapo gatini. Kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo chombo kilicholingana na gati asubuhi, baadaye kinakuwa chini kabisa. Walioumia mbele ya macho yangu wengi waliumia kwenye ngazi, si baharini. Weka kijana mwenye nguvu pale, kazi yake iwe kushika watu mikono tu. Mama mwenye mtoto mgongoni asishuke na ndoo mkononi. Mizigo ifuate kwa kamba.

Kupakia: piga mstari wa rangi ubavuni mwa kila mashua, ukizama, basi, hakuna gunia la ziada. Saruji ikae chini karibu na ngama, pale tumboni mwa chombo maji yanapojikusanya, nazi juu. Madumu ya petroli yasisafiri na abiria. Na andika majina, na watoto wachanga pia, nakala ibaki nchi kavu. Meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake, na idadi yao ikabaki ya kubishaniwa. Kuna familia hazikupata hata jina kwenye karatasi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Usidhani kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, ni likizo. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni, na boti za wageni zinakimbizana kuwafikia huku watu wako majini. Pangaboi ya boti haichagui mtu wala samaki. Tulikubaliana boti ikikaribia waogeleaji injini isikae kwenye gia, na asiyetii hapakii wageni gatini kwa wiki nzima. Huo ndio wakati pia wa kupandisha mashua pwani kwa maji ya bamvua, zikalafatiwe, yaani zizibwe nyufa, na kupakwa deheni, mafuta ya kuzuia maji, kabla ya kusi. Asiyefanya Februari au Machi atafua maji Julai yote.

Jambo la mwisho ni vimbunga. Wengi tulizoea kusema hivyo ni vya Msumbiji, mpaka kimbunga Hidaya kilipotua Mafia Mei 4, 2024. Chagua sasa hivi vyombo vitajificha wapi, nani ana kamba na nanga za akiba, na nani atazunguka usiku kuwaamsha wavuvi walio dagoni, kwenye kambi zao za uvuvi, wasio na simu. Hao wa dagoni waandikie orodha yao ya peke yake. Tangazo la gatini haliwafikii.