Hata nyumbani alikuwa zamu

Tulikuwa watu sita kwenye kochi la watu watatu kule Kayole, tukitazama kipindi cha vichekesho cha Papa Shirandula kwenye runinga ya Citizen, na mimi ndiye niliyecheka kuwashinda wote. Marehemu Charles Bukeko, aliyetuacha Julai 2020, aliigiza Shirandula, soja wa getini aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake. Nyumbani mtu wa ofisi, kazini sare na rungu.

Miaka michache baadaye nikawa yeye.

Kazi yangu ilikuwa kuchora visanduku kwenye picha za barabara, kando ya Mombasa Road, kutwa nzima. Gari, kisanduku. Mtu, kisanduku. Kivuli cha mtu, mnabishana kwanza. Tulikuwa tunafundisha magari ya ng'ambo yajiendeshe, magari ambayo sitayapanda (na yakiyaona mashimo ya Kayole yatarudi yalikotoka). Mama aliamini mimi ni injinia wa kompyuta. Sikumdanganya, nilimwachia tu aendelee kuwaambia wenzake wa chama.

Karl Marx aliandika mwaka 1844 kwamba mfanyakazi aliyetengwa na kazi yake hujihisi yuko kwake pale tu asipofanya kazi. Shirandula hakuwa na hata hapo pa kupumulia. Nami kila Jumapili simu ya Mama ikilia, naingia ovataimu isiyolipwa.

Kama unajiona humu, usianze na bosi. Mshahara una njia yake: Katiba ya Kenya, kifungu cha 41, inakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na payslip usitupe hata moja. Lakini ule uzito wa kuigiza hautuliwi na nyongeza. Tafuta mtu mmoja wa nyumbani umwonyeshe kazi yenyewe. Cheo achana nacho. Mwonyeshe mikono yako hufanya nini.

Mimi nilingoja Krismasi. Nikachukua daftari la mpwa wangu, nikachora barabara, ng'ombe, mama mboga, kisha nikaanza kuwazungushia visanduku. Mama akatazama muda mrefu.

"Kwa hivyo wewe ndiye unayelionyesha gari mahali watu walipo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukikosea?"

Ofisini hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikavikumbuka visanduku vya Ijumaa jioni, vile vya kukimbilia matatu, nikajifanya nachonga penseli.