Oili ya giaboksi oto, kwa magari mengi, hupimwa gari likiwa limewashwa

Msimu mmoja wa maembe nilipakia kreti alfajiri hapa Malindi, safari ya soko la Kongowea, Mombasa. Mpaka Kilifi gari lilikwenda vizuri. Nilipoingia foleni ya Mtwapa ndipo mambo yakaharibika: natia D, naachia breki, gari halisogei. Moja, mbili, tatu, kisha linaruka kwa mshtuko kama limegongwa nyuma. Nikikanyaga mafuta injini inalia, mshale wa mizunguko ya injini (RPM) unapanda, na magurudumu hayana habari. Maembe yalifika sokoni saa nane mchana, bei ya asubuhi imeshapita.

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimebadilishiwa oili ya giaboksi. Oili ilikuwa sahihi, mpya, nyekundu. Nilichokosewa ni kipimo.

Niliporudi nilimwendea mzee mmoja ambaye ametengeneza magari tangu mimi mdogo. Hata boneti hakufungua kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, walipopima, gari lilikuwa limezimwa au limewashwa?" Nikamwambia, "Limezimwa, ami." Akatikisa kichwa, akaniambia niwashe.

Sababu yenyewe ni hii. Oili ya injini twaipima gari likiwa limezimwa, na fundi aliyezoea hilo hufanya vivyo hivyo kwa giaboksi. Lakini giaboksi oto, ile inayobadilisha gia yenyewe, ina pampu inayozungushwa na injini. Gari likiwaka, pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya giaboksi, na kuisambaza kwenye konveta, inayounganisha injini na giaboksi, na njia zote za ndani. Ukizima, sehemu ya oili hurudi chini na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ikaonyesha imejaa. Wewe waondoka umeridhika, kumbe imepungua. Gari langu lilinywa karibu lita nzima kabla ya kufika alama.

Langu ni Probox ya zamani, ya gia nne, yenye dipstiki ya giaboksi. Kwenye dipstiki yenyewe pameandikwa aina ya oili inayotakiwa, na yangu yasema T-IV. Tafadhali soma maandishi hayo kabla ya kwenda dukani. Usikubali kuambiwa "ATF ni ATF, zote nyekundu" (ATF ndiyo oili ya giaboksi oto). Rangi ni rangi tu. Kinachotofautiana ni jinsi oili inavyoziacha sahani za ndani zishikane, na isiyofaa hukuletea mtetemo na gia zinazoingia kwa kishindo. Wenye Fielder za kuanzia 2012 wawe waangalifu zaidi, maana nyingi ni CVT, giaboksi oto isiyo na gia za hatua, na zinataka oili yake maalumu. Huko ndani mna mkanda wa chuma, na ATF ya kawaida itauharibu.

Sasa hivi kazi hii naifanya mwenyewe, kila kilomita 40,000. Nabeba mzigo, joto letu mwalijua, na barabara za mchanga za kuelekea mashambani huichosha giaboksi kuliko lami. Gari likizama mchangani na magurudumu yakazunguka bure, oili hupata moto haraka sana. Huo ndio wakati wa kutoa mguu kwenye mafuta na kutafuta watu wa kusukuma.

Natafuta mahali tambarare kweli, si ukingo wa barabara ulioinama. Naliendesha gari kidogo ili oili iwe vuguvugu, nazima, nafungua nati ya sampu. Inayotoka naikinga kwenye karai safi kisha naimimina kwenye galoni yenye alama za lita. Hapa msifanye haraka. Ikitoka lita 3, naanza kwa kurudisha lita 3. Naweka na washa mpya ya nati, ile pete ya kuzuia kuvuja.

Tone moja la oili ya zamani nalidondosha kwenye tishu nyeupe. Likiwa jekundu au la waridi, giaboksi ina afya. Likiwa la kahawia, umechelewa kidogo. Likiwa jeusi na lanuka kama kitu kilichoungua, hapo kuna jambo. Mara ya kwanza nilifungua sampu yenyewe nikaona zile sumaku ndogo za ndani: zimepakwa unga wa kijivu, mwororo kama wanja. Ule ni wa kawaida, ni uchakavu wa miaka. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole ndivyo vya kukutisha.

Kurudisha oili ni kwa faneli nyembamba kupitia tundu la dipstiki. Kisha nawasha, mguu kwenye breki, napitisha gia zote pole pole, P, R, N, D mpaka L, nikisubiri sekunde chache kila moja, narudi P. Naenda mwendo wa nusu saa ipate moto, narudi, na gari likiwa bado limewashwa navuta dipstiki, naifuta, naichomeka tena na kusoma. Oili iwe katikati ya alama mbili za HOT. Isizidi pia: ikijaa mno, vyuma huipiga ikawa povu, na povu haliwezi kusukuma gia.

Kwa nati ya sampu hutoka chini ya nusu ya oili tu, nyingi ya iliyosalia hubaki kwenye konveta. Ndiyo maana narudia mara tatu, kila baada ya kilomita 500 hivi. Kama giaboksi tayari inateleza, oili mpya haitaiponya, na fundi akikuahidi hivyo usimpe pesa. Na gari lisilo na dipstiki halimaanishi oili yake ni ya milele. Hupimwa kwa nati ya kufurikia chini ya gari, kwa joto maalumu, kwa hiyo lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma joto hilo.

Oili chafu naifunga kwenye galoni, nampa jirani anayepaka nguzo za ua wake kuzuia mchwa. Msiimwage mchangani. Visima vyetu haviko mbali.