Tuulize Anga: Ngorongoro, bamvua na makovu ya Mwezi

Barua za toleo hili karibu zote zinauliza habari za Mwezi. Zilizofanana tumeziunganisha, na salamu zote tumezipokea: marahaba kwa vijana, na waalaykum salaam kwa walioanza na salamu hiyo.

*Naongoza watalii. Haipiti wiki mgeni asiniulize kama kreta ya Ngorongoro ilichimbwa na kimondo kama zile za Mwezini. Nimjibu nini?* (Msomaji, Karatu)

Mjibu hapana, kisha mwonyeshe sababu. Ngorongoro ni volkeno iliyoporomoka. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita chumba cha magma (mwamba ulioyeyuka) chini ya mlima kilimwaga kilichokuwa nacho, kilele kikakosa kitu cha kukishikilia, kikadidimia. Pakabaki kaldera yenye upana wa kilomita 20 hivi na kuta za mita 600.

Dalili ya kutofautisha mnaikanyaga kila siku. Pamoja na kudidimia kote huko, sakafu ya Ngorongoro bado iko juu ya Ziwa Eyasi kwa zaidi ya mita 600, kwa sababu ni masalia ya mlima. Kreta ya mgongano ni kinyume chake: sakafu yake iko chini ya uwanda unaoizunguka, maana mwamba umechimbuliwa na kurushwa nje. Chukua Copernicus ya Mwezini. Ina upana wa kilomita 93 na kina cha karibu kilomita 4. Katikati kuna vilima, kwa kuwa mwamba uliogandamizwa na pigo ulijirudi juu papo hapo. Nje yake kifusi kimetapakaa mamia ya kilomita. Ngorongoro haina hata kimoja kati ya hivyo.

Mgeni akisisitiza anataka kreta ya kweli ya Afrika, mtajie Luizi, kule Katanga, yenye upana wa kilomita 17, iliyothibitishwa mwaka 2011. Ipo pia Bosumtwi ya Ghana, ambayo sasa ni ziwa, na Vredefort ya Afrika Kusini, yenye umri wa miaka bilioni 2. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni chuma cha tani 16 hivi, lakini hakuna shimo lililopatikana pale kilipo. Duniani kote makovu ya migongano yanayojulikana ni 200 hivi. Si kwamba Dunia ilipigwa kidogo. Ilipigwa kuliko Mwezi, kwa kuwa ni kubwa na mvutano wake una nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba mvua, mito, volkeno na mwendo wa mabamba ya ganda vimefuta karibu kila kitu, na sakafu ya bahari zetu karibu yote haijafikisha miaka milioni 200. Mwezini hakuna mvua wala upepo, na kumbukumbu imebaki.

*Nafundisha sayansi sekondari. Wanafunzi wameuliza: kati ya mawe yetu ya Mwanza na mawe ya Mwezini, yapi ya kale zaidi? Na nani alithibitisha kwamba Mwezi ulitoka duniani?* (Mwalimu, Mwanza)

Mwalimu, inategemea jiwe gani la Mwezini. Mawe ya itale mnayoyaona ziwani, pamoja na lile maarufu la Bismarck, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe meupe ya nyanda za juu za Mwezi yanafika bilioni 4.3 na zaidi, kwa hiyo hapo Mwanza imeshindwa. Lakini basalti (mwamba mweusi wa lava) ambayo chombo cha China, Chang'e 5, kilileta mwaka 2020 ina miaka bilioni 2. Wakati lava hiyo inamwagika Mwezini, itale ya Mwanza ilikuwa imeshapoa zamani. Waambie wanafunzi hilo kwanza, maana wengi wanadhani kila kilichopo Mwezini ni cha kale kuliko cha kwetu.

Kuhusu asili, kauli sahihi ni kwamba Dunia na Mwezi vimetoka katika ajali moja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba karibu miaka bilioni 4.5 iliyopita gimba lenye ukubwa wa kukaribia Mirihi, lililopewa jina la Theia, liligonga Dunia changa, na vifusi vilivyozunguka Dunia vikakusanyika kuwa Mwezi. Ushahidi umekaa katika kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na safari 6 za Apollo za Marekani kati ya 1969 na 1972. Kwanza, uwiano wa isotopu za oksijeni (atomi zake zinazotofautiana kwa uzito) katika mawe hayo unakaribia kabisa kuwa sawa na wa Dunia, ilhali vimondo kutoka Mirihi vina uwiano wake tofauti. Pili, Mwezi una chuma kidogo: kila sentimita ya ujazo ina wastani wa gramu 3.3, ya Dunia gramu 5.5. Hivyo ndivyo ungetegemea kwa kitu kilichojengwa kwa matabaka ya juu, na chuma kikabaki kiinini mwa Dunia. Tatu, vitu vinavyogeuka mvuke upesi, kama maji na potasiamu, ni haba mno Mwezini. Vilipotelea kwenye joto.

Kuna fundo moja halijafunguka, na ni vizuri wanafunzi walijue. Hesabu za mwanzo za mgongano zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya Mwezi ingetoka kwa Theia, si kwa Dunia. Basi mbona isotopu zinalingana hivi? Wengine wanasema mgongano ulikuwa mkali kiasi cha kuvichanganya vyote viwili, wengine kwamba Theia ilizaliwa jirani na Dunia kwa malighafi ileile.

Kwa somo la nje, rangi mbili za Mwezi zinatosha. Mwezi ulianza ukiwa bahari ya magma. Madini mepesi yakaelea juu na kuganda: hayo ndiyo maeneo meupe. Baadaye lava ya basalti ikapanda kupitia nyufa na kujaza mabonde makubwa ya migongano: hayo ndiyo madoa meusi tunayoyaita bahari. Basalti hiyo ni ndugu wa mawe meusi ya Kilimanjaro na Bonde la Ufa, isipokuwa ya Mwezini haina maji ya kutajika.

*Nalima mwani. Nimesikia Mwezi unatukimbia. Je, bamvua, yale maji makubwa ya mwandamo na mwezi mpevu, zitaisha?* (Mama wa Jambiani, Unguja)

Unakimbia kweli, mama, lakini kwa sentimita 3.8 kwa mwaka. Kipimo hicho hupatikana kwa kurusha mwali wa leza kwenye vioo vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 na magari mawili ya Kisovieti, kisha kuhesabu muda wa mwali kwenda na kurudi, sekunde 2.5 hivi. Wanaousukuma Mwezi ni maji yenyewe. Dunia inajizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo uvimbe wa maji hutangulizwa mbele kidogo ya Mwezi na kuuvuta kwa mbele. Mwezi unapata nguvu na kupanda, Dunia inapoteza mwendo. Matumbawe ya kale yamehifadhi jambo hilo: mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari ya siku ndani ya matumbawe ya karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta mwaka ulikuwa na siku 400 hivi. Siku moja ilikuwa na saa 22.

Usigawanye umbali wa leo kwa sentimita 3.8 ukidhani utapata umri wa Mwezi. Utapata miaka bilioni 10, mara mbili na zaidi ya ukweli. Mwendo wa kukimbia hubadilika kwa umbali na kwa umbo la bahari, na mpangilio wa mabara ya leo unafanya msuguano wa maji uwe mkubwa isivyo kawaida.

Kwa kamba zako za mwani, kilicho muhimu ni kingine. Umbali wa Mwezi hubadilika ndani ya mwezi mmoja, kati ya kilomita 357,000 na 407,000 hivi, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuongeza nguvu ya Mwezi juu ya maji kwa karibu nusu. Ndiyo maana bamvua mbili zinazofuatana hazilingani. Kubwa kabisa hutokea mwezi mpevu au mwandamo unapoangukia siku ambazo Mwezi uko karibu, hasa Machi na Septemba. Na usitegemee maji kutoka kabisa siku yenyewe ya mwezi mpevu. Mara nyingi ni siku moja au mbili baadaye.

*Nataka darubini ya kwanza. Dukani kuna moja ya milimita 70, boksi limeandikwa mara 525. Ninunue?* (Mwanafunzi, Nairobi)

Darubini yenyewe inaweza kuwa nzuri, ila 525 usiiamini. Lenzi ya mbele ya milimita 70 yenye urefu wa fokasi wa milimita 700, ukiiwekea lenzi ya jicho ya milimita 4, inakuza mara 175. Ukiongeza kile kipande cha plastiki cha mara 3 unafika 525. Hesabu ni sahihi, picha ni uji. Kikomo cha busara ni mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani 140, na usiku mwingi hewa haitakuruhusu kufika hata hapo. Lenzi ya milimita 25 inakupa mara 28, ya milimita 10 mara 70. Hizo mbili zitakutosha mwaka mzima. Kabla ya kulipa, kamata mrija na utikise: stendi ikiyumba zaidi ya sekunde 2 au 3 baada ya kuiachia, tafuta nyingine. Stendi mbovu huharibu zaidi kuliko lenzi mbovu.

Kama fedha ni kidogo zaidi, nunua darubini ya macho mawili ya 10×50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50) na uiegemeze ukutani au kwenye stendi. Irekebishe hivi: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka kushoto paonekane sawasawa, kisha funga la kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia tu. Wengi huruka hatua ya pili, wakaumwa kichwa na kulaumu kifaa.

Usianze na mwezi mpevu. Jua hulipiga eneo lote kutoka mbele, vivuli hakuna, na kreta zinapotea. Kinachopendeza usiku huo ni miale myeupe ya kreta ya Tycho tu. Tazama kwenye mpaka wa mwanga na giza. Siku ya 5 au ya 6 baada ya mwandamo, tafuta kreta tatu zilizopangana: Theophilus, Cyrillus na Catharina. Kwa ukuzaji wa mara 70 tulia pale Theophilus inapogusana na Cyrillus. Ukingo wa Theophilus, kreta yenye upana wa karibu kilomita 100, ni mkali na umeumega wa jirani yake, kwa hiyo Theophilus ni changa zaidi. Kuta za Cyrillus zimelainika, na Catharina imechakaa zaidi. Wanajiolojia walipanga umri wa uso wa Mwezi kwa kanuni hiyohiyo kabla ya kuwa na jiwe hata moja mkononi. Siku ya 8 kuna Rupes Recta, ufa wa kilomita 110 unaoonekana kama mstari wa kalamu, na siku ya 9 inatoka Copernicus.

Simama kwenye majani, usitazame juu ya bati wala lami. Joto la mchana linapanda usiku na kuitetemesha picha. Toa darubini nje nusu saa kabla. Mlio Pwani, umande ukishika lenzi msiufute: tengenezeni mrija wa kadibodi wa sentimita 12 mbele ya lenzi, na mkimaliza, kausheni kifaa kwanza ndipo mkifungie na vipakiti vya silika jeli vya kufyonza unyevu. Kikifungiwa kibichi kuvu huota ndani ya vioo, na akiisha kuota haondoki bila kula rangi ya lenzi.

*Ramani ya Mwezi niliyopakua haifanani na ninachokiona.* (Kampala)

Imechorwa kwa watazamaji wa Ulaya. Kwetu karibu na ikweta, Mwezi ukichomoza izungushe ramani robo mduara kinyume cha mwendo wa saa. Ukitua, robo mduara kwa kufuata saa. Mare Crisium, lile doa la mviringo lililojitenga, litakuwa juu Mwezi unapopanda na chini unaposhuka. Darubini nyingi pia hugeuza picha, basi kagua kwanza kwa macho matupu.

*Nikipiga picha kwa simu napata duara jeupe tu.* (Mombasa)

Simu inaona giza jingi na kuongeza mwanga, ilhali Mwezi ni mwamba uliopigwa na jua la mchana. Rekebisha fokasi ya darubini kwa jicho lako, weka lenzi ya milimita 25, kisha sogeza kamera kuu ya simu sentimita moja hivi kutoka kwenye jicho la darubini. Bonyeza Mwezi kwenye skrini na ushikilie mpaka ufunge, halafu shusha mwanga hadi kreta zijitokeze. Ukiwa na mpangilio wa mkono, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 100 na muda wa 1/125 ya sekunde. Weka taima ya sekunde 3, maana kidole chako ndicho kinachotikisa. Zoom ya simu usiiguse.

*Kwetu Lamu hilali hulala kama jahazi. Hapa Muscat mara imelala, mara imeinama. Kwa nini?* (Msomaji, Omani)

Pembe za hilali hufuata mahali jua lilipotua. Muscat, mwezi Machi njia ya Mwezi husimama wima juu ya upeo baada ya magharibi, na hilali hulala kabisa. Septemba njia hiyo huinama karibu nyuzi 45 kuelekea kusini, na hilali nayo huinama. Lamu, iliyo karibu na ikweta, hulala zaidi Juni na Desemba na kuinama kidogo tu Machi na Septemba. Kwa wanaotafuta mwandamo Muscat, kwa hiyo, Septemba hilali hushuka upesi na kuwa ngumu kuonekana. Mwezi wenye umri chini ya saa 15 tangu muungano na jua hauonekani kwa macho matupu. Darubini isielekezwe huko kabla jua halijazama lote. Sekunde moja ya jua ndani ya lenzi inatosha kuunguza jicho.

*Kupatwa kamili kwa Mwezi lini tena Afrika Mashariki?* (Wasomaji kadhaa)

Wekeni alama 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza ukiwa umeshaanza kumegwa, na utakuwa wote ndani ya kivuli cha Dunia kuanzia karibu saa 1:15 hadi saa 2:30 usiku. Tafuteni sehemu yenye upeo wazi upande wa mashariki.