Laptop yangu ina GB 500, mbona inaganda?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro, nina laptop yangu used, saivi nikiiwasha naenda kuoga narudi bado haijafunguka, na nikifungua Word na intaneti pamoja ndo inaganda kabisa. Fundi kasema niongeze ramu, nikashangaa maana ina GB 500 na nimejaza 100 tu. Hela ya kubahatisha sina kaka.

JIBU: Mdogo wangu, usitoe hela kwanza. Hizo GB 500 si ramu, ni hadi diski (hard disk), sehemu ya kutunzia mafaili, wengi wanachanganya sababu vyote vinapimwa kwa GB. Chukulia ofisi ya fundi cherehani: fundi mwenyewe ndo prosesa, kabati la vitambaa ndo hadi diski, meza ya kukatia ndo ramu. Kabati laweza kuwa na nafasi kibao lakini meza ikiwa ndogo kazi haiendi, na laptop ikizima meza yote inafutwa, ndo maana chaji ikiisha hujasevu kazi inapotea.

Sasa ikianza kuganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance. Memory, ndo ramu hiyo, ikiwa imepita asilimia 90 fundi wako yuko sahihi. Ila kama Memory ina nafasi halafu Disk imeganda kwenye 100, tatizo ni diski, na mimi hiyo ya kuoga na kurudi inanifanya niihisi diski zaidi. Hadi diski nyingi za laptop ni sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika na kisindano kinatafuta faili huku na kule, dawa yake ni kuweka SSD, diski ya kisasa, hiyo haina kinachozunguka kwaiyo inasoma haraka mno. Na wewe usihangaike na kubwa, umejaza 100, SSD ya GB 256 inakutosha kabisa.

Ikiwa ni ramu basi uliza kwanza mashine inatumia aina gani, DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na laptop zingine ramu imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, haibadilishiki.

Kabla hujampa fundi kopi notsi zako zote pembeni, tafadhali sana, na hiyo diski ya zamani udai urudishiwe, ni mali yako, ukiitia kwenye kava la USB unapata eksteno, diski ya nje ya kuchomeka.