Maswali na Majibu: Mwanafunzi Akishahama, Shule Imfuate Vipi?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wa shule za kimataifa, na karibu zote zinauliza jambo moja: wanafunzi wa zamani wamepotea, watapatikanaje? Shule hizi zina ugumu wake. Mwanafunzi akiondoka, familia nayo huwa imehama nchi, walimu waliomfundisha mikataba yao imekwisha, na wenzake wametawanyika mabara kadhaa. Hakuna mtaa atakaorudi likizo akapita getini kusalimia. Kinachombakiza karibu ni orodha iliyotunzwa vizuri na watu wa rika lake, na vyote viwili huandaliwa kabla hajaondoka.

Swali: Nimekuwa mratibu wa wanafunzi wa zamani kwa miezi mitatu. Nilirithi orodha ya anwani 1,800 za baruapepe. Nilipotuma jarida la kwanza, zaidi ya nusu zilirudi, na hata wenye anwani nzuri wananiambia barua zangu zinaangukia kwenye folda ya taka. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kuacha kutuma. Barua zinapogonga anwani nyingi ambazo hazipo, kampuni zinazopokea barua hukuchukulia kama mtu aliyenunua orodha mahali. Sifa hiyo mbaya hushika kikoa kizima cha shule (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), hata barua za walimu kwa wazazi zikaanza kupotea.

Tenganisha zilizorudi mafungu mawili. Zilizorudi kwa sababu anwani haipo kabisa, ziondoe leo. Zilizorudi kwa sababu sanduku limejaa au seva haikujibu, zijaribu tena mara mbili au tatu katika wiki kadhaa, zikishindikana nazo ziondoe. Lakini futa anwani, usifute mtu. Jina, miaka aliyosoma na darasa lake vibaki, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyokusaidia kumtafuta.

Kisha kaa na mtaalamu wa kompyuta wa shule mhakikishe kikoa kina SPF, DKIM na DMARC. Hizo ni rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa shule. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti: anayetuma kwa wingi (Google huanzia barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail) lazima awe na zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000. Hutafika barua 5,000 kwa siku, lakini hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM. Ukirudi kutuma, anza na watu 50 ambao una hakika watafungua, wiki inayofuata 100, halafu 200. Usirushe barua zote siku moja.

Hayo ni matibabu. Chanzo cha ugonjwa ni fomu ya kuondoka, na ukitazama anwani zilizokufa utaona nyingi ni za namna mbili: ya shule, ambayo hufungwa mwanafunzi akitoka, na ya kazini kwa mzazi, ambayo hufa mzazi anapohamishwa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mwanafunzi mwenyewe.

Fomu ijazwe wiki sita kabla ya siku ya mwisho. Siku ya mwisho watu wanafunga masanduku na kulia, hakuna anayeandika anwani kwa makini. Iombe baruapepe binafsi ya mwanafunzi, baruapepe binafsi ya mzazi mmoja, simu, mji anaohamia na jina la shule au chuo anakokwenda. Halafu fanya kitu ambacho shule nyingi huruka: tuma ujumbe wa majaribio kwenye anwani hiyo binafsi wakati mwanafunzi bado yuko darasani, aufungue na kubofya kuthibitisha. Ambaye hajathibitisha baada ya wiki moja, mwalimu wa darasa anamkumbusha uso kwa uso. Herufi moja iliyokosewa inasahihishwa kwa dakika moja akiwa mbele yako. Akishapanda ndege umempoteza. Pia ombeni anwani ya shule ya kila anayeondoka ielekeze barua kwenye anwani yake binafsi kwa mwaka mzima kabla ya kufungwa.

Ridhaa iwe na visanduku vyake, kimoja kwa jarida, kingine kwa kuonekana na wanafunzi wenzake, kingine kwa maombi ya michango, na vyote viwe vitupu hadi mtu aweke alama mwenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inataka hivyo, na inataka kujiondoa kuwe rahisi kama kulivyokuwa kukubali. Hata shule iliyo nje ya Ulaya inafaa ifuate kanuni hizi, kwa kuwa nchi nyingi sasa zina sheria zinazofanana na hiyo. Aliye chini ya umri mzazi amtilie sahihi, na akitimiza miaka 18 aulizwe upya yeye mwenyewe. Wala msizuie cheti au matokeo ya mtu hadi akubali kuandikiwa. Ridhaa iliyokamuliwa si ridhaa, na mtu wa namna hiyo atabofya "taka" kwenye barua yenu ya kwanza.

Waliokwisha kupotea tafuta darasa moja baada ya jingine. Chagua watu wawili wa kila mwaka ambao wenzao huwajibu, wape orodha ya majina yanayokosekana, 20 au 30 kwa wakati mmoja, pamoja na kiungo cha fomu ya kujisajili. Wao wapeleke kiungo kwa wenzao, wasikuletee anwani za watu ambao hawajaulizwa. Angalia pia wadogo zao: ndugu aliye bado shuleni ni njia fupi kuliko zote.

Mwisho wa jibu hili, jedwali lenyewe la kutunzia orodha. Weka safu mbili za jina, la wakati wa shule na la sasa, maana watu huoa, huolewa, na wengine huandika majina yao kwa hati (aina ya herufi) zaidi ya moja. Simu zianze na alama ya + na namba ya nchi. Kwa utaratibu wa kimataifa tarakimu zote hazizidi 15. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, mfano 2011-06-14, kwa kuwa 04/05 kwa Mmarekani ni Aprili na kwa Mwingereza ni Mei, na katika shule ya kimataifa wote wawili huandika kwenye jedwali hilohilo.

Swali: Mwanangu alisoma shule ya kimataifa miaka mitatu, akahama akiwa na miaka 12. Chama cha wahitimu kimekataa kumsajili kwa sababu hakumalizia hapo. Ni haki kweli?

Jibu: Wanakosea, na wanajinyima watu. Katika shule ambayo wazazi huhamishwa kila baada ya miaka michache, wanaoanza na kumaliza hapohapo wanaweza kuwa wachache kuliko wanaopita. Ukihesabu wahitimu peke yao umetupa sehemu kubwa ya jumuiya.

Dawa ni kuacha kupanga watu kwa mwaka wa kuondoka. Kila mtoto apewe mwaka ambao darasa lake lilimaliza au lingemaliza masomo ya sekondari. Mwanao atawekwa na wale aliokaa nao dawati moja, hata kama aliwaacha katikati. Safu nyingine ioneshe alikuwepo tangu lini hadi lini. Tunapendelea mwaka badala ya jina la darasa kwa sababu mwaka wa mwisho kwenye mtaala wa Kiingereza huitwa wa 13 na kwenye wa Kimarekani wa 12, na shule zinazofuata kalenda ya kusini mwa dunia humaliza Desemba. Waandikie chama, uwaombe wabadilishe kipengele hicho kwenye katiba yao. Neno "mhitimu" likibadilishwa kuwa "aliyewahi kusoma" shida imekwisha.

Swali: Kwa nini tusifungue kundi moja la WhatsApp la wanafunzi wote wa zamani tukaachana na baruapepe?

Jibu: Kundi lina kikomo cha watu 1,024, lakini hilo ndilo tatizo dogo. Kubwa ni kwamba kila mmoja anaiona namba ya kila mwingine, na waliosoma miaka 30 tofauti hawafahamiani. Wataingia, watakuta salamu 200 za watu wasiowajua, watanyamazisha kundi. Isitoshe, anayehama nchi hubadilisha namba, na akaunti ikikaa bila kutumika siku 120 kwa kawaida hufutwa. Baruapepe binafsi hudumu kuliko namba ya simu kwa watu wanaohamahama.

Makundi yawe ya rika moja moja na yaendeshwe na wenyewe, shule isikae ndani. Huko ndiko urafiki uliko. Shule ibaki na orodha, na ikiwa na tangazo impe mwakilishi wa kila kundi alibandike.

Swali: Tunataka kufanya mkutano wa mtandaoni wa rika la 2005. Tuko Los Angeles, London, Dubai, Singapore na Sydney. Saa ngapi itamfaa kila mtu?

Jibu: Hakuna saa hiyo, na kuitafuta kumevunja mikutano mingi. Fanyeni vikao viwili vilivyopishana saa 12. Saa 13:00 UTC (saa ya dunia inayotumika kulinganisha saa za nchi) ni mchana London, jioni Dubai na saa 21:00 Singapore; wa Los Angeles ni alfajiri na wa Sydney ni usiku wa manane au karibu yake. Kikao cha pili saa 01:00 UTC kinawaponya hao wawili: Los Angeles ni jioni ya siku iliyotangulia, Sydney ni karibu na adhuhuri. Anayeendesha awe tofauti kila kikao ili asiwepo mtu wa kukesha kila mara.

Tangazo liwe na saa ya UTC na saa ya kila mji, zote kwa mtindo wa saa 24, pamoja na tarehe ya kila mji. Msomaji wa Kiswahili akiona "saa 7" atasoma mchana, mwenzake atasoma asubuhi, na wote watakuwa sahihi. Epukeni wiki za katikati na za mwisho wa Machi kabisa. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu tofauti mliyoizoea inabadilika kwa saa moja. Mwishoni mwa Oktoba, hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kuna wiki moja ya namna hiyo tena.

Watu wakizidi 12, wagawe vyumba vya wanne wanne kwa dakika 15, kisha changanya upya. Mkutano wa watu 40 kwenye skrini moja ni watatu wanaozungumza na 37 wanaotazama.

Swali: Wanafunzi wetu wa zamani hututafuta wakitaka nakala za matokeo tu. Tukiwaandikia sisi, hawajibu.

Jibu: Basi hapo ndipo mlango ulipo. Mtu anayeomba matokeo anasubiriwa na chuo au mwajiri, ana wasiwasi, na ukimhudumia upesi hatasahau. Wekeni muda mnaouahidi, tuseme siku tano za kazi, na muutimize. Mweleze mapema kile ambacho shule haiwezi kutoa: matokeo rasmi ya IB (International Baccalaureate) huombwa kwa IB yenyewe, na uthibitisho wa matokeo ya mitihani ya bodi ya Cambridge huombwa kwa Cambridge. Shule hutoa rekodi zake za ndani. Ukishamtumia, mwulize kama angependa taarifa zake zihuishwe kwenye orodha.

Na hebu pitieni barua mlizowaandikia mwaka uliopita. Ikiwa kila moja iliishia kuomba mchango, jibu la ukimya wao mnalo. Wanachosoma ni habari ya mwalimu anayestaafu, jengo linalobomolewa, picha ya darasa lao yenye majina. Picha tatu za mwaka wao zinafunguliwa kuliko ukurasa mzima wa mafanikio ya shule ya leo.

Swali: Daktari aliyesoma hapa anataka kuwashauri wanafunzi wetu wanaotaka udaktari. Tumpe namba zao?

Jibu: Hapana. Kusoma hapo zamani hakumwondolei mtu ukaguzi anaofanyiwa mtu mzima yeyote anayekutana na watoto. Thibitisha utambulisho wake. Kwa mazungumzo ya mara moja, mwalimu awepo mwanzo hadi mwisho. Kwa ushauri wa mara kwa mara, ombeni cheti cha polisi kutoka nchi alizoishi na ridhaa ya wazazi, na mawasiliano yote yapite kwenye mfumo wa shule ambao mwalimu anauona. Akikubali haya bila kinyongo, mpeni nafasi kwa moyo wote; wanafunzi watafaidika sana.

Swali: Shule yetu imefungwa. Chama chetu kifanyeje?

Jibu: Fanyeni haraka, kwa sababu kikoa cha shule kikiacha kulipiwa, baruapepe zote zilizo chini yake zinakatika, na mtu mwingine anaweza kukinunua. Sajilini kikoa cha chama kwa jina la chama, nywila zishikwe na watu wawili wasiokaa nchi moja. Waandikieni waliokuwa wamiliki mkiuliza rekodi za wanafunzi zimekabidhiwa wapi. Ulizeni pia mamlaka ya elimu ya nchi ilikokuwa shule na shirika lililoipa ithibati. Matokeo ya mitihani ya nje hayajapotea, yako kwa bodi zilizoitunga. Orodha ya anwani msiichukue hivihivi: waliokubali kuandikiwa walikubali kwa shule, hivyo kabla haijafungwa kabisa, shule yenyewe iwatumie barua ya mwisho yenye kiungo cha kujisajili kwenu. Vitabu vya picha vya kila mwaka vipigwe skani, nakala zihifadhiwe sehemu mbili.