Muulize Mama Shamba: Wazee wetu hawawezi tena kuinama

*Shikamoo Mama Shamba. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, wilayani Kongwa. Wazee wetu, wengi wao wanaolea wajukuu, leo ugali na mlenda, kesho mlenda na ugali. Mwenyekiti ametupa nusu eka kando ya korongo tulime bustani ya pamoja. Wengine wanataka mboga ziuzwe, fedha zigawanywe. Tuanzeje?*
*M., Kongwa*

Marahaba mwanangu. Mwenyekiti mshukuruni, ila wazee msiwapeleke korongoni. Mwenye goti bovu atafika huko ameshachoka kabla hajashika jembe. Katika kazi hii ya ubibi shamba nimeona bustani za wazee zikifunguliwa kwa ngoma na fulana, msimu wa pili ni mbigili tupu. Zilizodumu ni zile za karibu na jiko.

Kwa hiyo, magunia. Chagueni mahali kwanza, maana gunia likishajaa halihamishiki. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza miche. Chukua kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu kidogo na ujaze tena, hivyo hivyo mpaka juu. Unabaki na nguzo ya kokoto inayopeleka maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni upachike miche ya chainizi na sukuma wiki. Juu mwaga mbegu za mchicha. Wiki tatu, nne, mnachuma. Gunia lisipite kifua cha mzee aliyeketi kwenye kigoda, ahudumie mboga zake bila kuinama.

Kwenu mvua ni msimu mmoja, ikikatika Aprili mnahesabu madumu. Basi maji ya kuoshea mboga na mchele yote yamwagwe kwenye kokoto. Ya sabuni hapana.

Ile nusu eka wapeni vijana walime kunde na maboga wakati wa mvua. Majani ya kunde yaanikwe kivulini, jua kali linaua vitamini A, yawekwe akiba ya kiangazi kwa kila nyumba ya mzee. Hapo ndipo neno "pamoja" lina kazi, na kwenye kitalu cha miche.

Sasa sufuria. Na mlenda sina ugomvi. Ugomvi wangu ni magadi. Yana sodiamu kama chumvi, na mzee mwenye presha anayalimbikiza kila mlo. Punguzeni, au acheni kabisa. Mchicha upikwe kwa karanga zilizosagwa: asiye na meno anameza bila taabu, na mafuta ya karanga yanausaidia mwili kuichukua hiyo vitamini A. Limau likamuliwe mezani. Chai isubiri saa moja hivi baada ya kula, inazuia madini ya chuma.

Kuuza? Mwaka wa kwanza hapana. Mboga ikishaitwa fedha, mzee anauza chainizi yote anunue sukari, mjukuu anarudi kwenye mlenda. Ziada ikipatikana, kila mtu auze ya gunia lake, msifungue daftari la kugombania.

Zungushieni miiba mapema. Mbuzi wa Kongwa nawafahamu.