Harusi ya uani: majibu kwa walioniandikia

Kila Ramadhani ikikaribia barua za harusi huja nyingi, na safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wanaotaka kuoa au kuoza nyumbani, uani, kwa watu wachache, bila ukumbi. Nimefurahi. Bibi zetu walipambwa nyumbani na wakatolewa nyumbani, na wali ukapikwa nyuma ya jiko kwa kuni. Kumbi za kukodi zimekuja juzi tu. Kwa hivyo anayerudi uani asione haya, wala asianze barua yake kwa kuniomba radhi, kama walivyofanya watatu kati yenu.

Uwanja wetu ni futi 30 kwa 40. Mimi na mchumba wangu tunataka watu 60. Mama ameshaandika majina 210 na bado anakumbuka wengine. Nifanyeje nisimvunje moyo? (Bi harusi mtarajiwa, Bamburi)

Mwanangu, usianze na kalamu ya kukata majina. Anza na majamvi. Ngoja siku mama ana nafasi, mtandike majamvi uwanjani, halafu mpange masinia matupu juu yake. Sinia moja ni watu watano, na ukihesabu migongo na miguu yao linataka kama futi sita kwa sita. Acheni njia ya kupitisha chakula, pembe ya kunawia mikono, pahala pa moto na pahala pa kumkalisha bi harusi. Katika uwanja kama wenu, masinia yanayokaa kwa raha ni 12, na mkibanana sana 14. Mwache mama ahesabu mwenyewe kwa kidole. Jamvi likisema 60, wewe hukusema kitu.

Lakini usiishie hapo. Isome orodha ya mama polepole, naye akiwa kando yako, umuulize kila jina limeingiaje. Utagundua unasoma daftari la madeni. Huyu alimkanda alipojifungua. Kwa yule alikula pilau harusi tatu. Yule mwingine alilala kwenu siku saba za matanga ya babu. Mama hajaandika majina 210 kwa kupenda makuu. Ameandika watu ambao ataonana nao sokoni kesho, na atakuwa na uso gani?

Madeni hayo yana njia nyingi za kulipwa. Nikaha ya msikitini ni ya watu wote. Waalikeni wanaume wote wa orodha, wapate halwa na kahawa tungu, waombe dua, waende zao wakiwa wameheshimiwa. Wanawake waalikeni siku ya pili, alasiri, waje kumwona bi harusi kwa chai ya maziwa, mahamri na kaimati. Wanakuja kwa makundi, wanakaa nusu saa, wanaondoka, na uwanja haujai. Na kwa wazee wasioweza kutoka, mpelekeeni kila mmoja sahani ya wali iliyofunikwa kawa. Mimi nimewaona wazee waliofurahia sahani ile kuliko wangekalishwa ukumbini chini ya feni mbovu.

Chakula cha usiku ndicho cha watu 60. Kipimo changu ni kimoja: nani alikuja kwenu siku ya msiba bila kualikwa? Huyo anza naye. Wengine waambieni kwa mdomo, mwende nyumbani kwao, wewe au mama, mapema. Shangazi, khalati na ami hawaambiwi kwa ujumbe wa simu. “Tumekutia katika nikaha na chai ya siku ya pili, usiku ni nyumba mbili tu.” Atanung'unika kidogo, kisha atakutakia heri. Asiyesamehe ni yule aliyeona picha kwenye simu ya jirani.

Tunatarajia watu 80. Tupike wenyewe au tutafute mpishi? Na mchele kilo ngapi? (Baba wa bi harusi, Majengo)

Ndugu yangu, kwa watu 80 tafuta mpishi, halafu jamaa wamsaidie kukata vitunguu na kuchambua mchele. Kupika sufuria moja kubwa si sawa na kupika ndogo mara kumi. Moto wa kuni unataka mtu anayeujua, na siku ile ninyi wenyewe mtakuwa na wageni wa kupokea.

Kipimo ninachokitumia kwa pilau ni kilo moja ya mchele kwa watu sita. Kwa 80 ni kilo 14, na mimi huongeza mbili, maana kuna wapishi, kuna watoto wa jirani wasiohesabiwa, na kuna zile sahani za kawa. Nyama ya pilau kilo 12 yatosha. Ukitaka biriani, hesabu inabadilika: nyama isipungue mchele kwa uzani, na vitunguu vya kukaanga vitakula mafuta na kuni zako. Biriani ina fadhila yake, kwa sababu wali na masala hupikwa mbali mbali, na wageni wakichelewa haiharibiki upesi. Lakini kwa uani nakushauri pilau. Sufuria moja, moto mmoja, sahani moja.

Msimamie mpishi katika saa ya mwisho. Maji yakishakauka, sufuria hufunikwa, moto wa chini hupunguzwa, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Hapo ndipo pilau huiva au huharibika. Mpishi mwenye haraka huacha moto wa chini ukiwaka, na utaijua harufu ya ukoko ulioungua kabla hajakiri. Kachumbari isikatwe asubuhi. Ikatwe wali ukiwa umepaliwa, ndimu na chumvi zitiwe wakati wa kupakua. Na sharubati ya mabungo itengenezwe nyingi kuliko unavyofikiri.

Jambo jingine ambalo halikuulizwa: moto uwekwe upande wa magharibi wa uwanja. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hivyo hapa Mombasa upepo hutoka upande wa baharini karibu mwaka mzima. Katika harusi ya mpwa wangu tuliyoisimamia miaka michache nyuma, moto uliwekwa mashariki kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na kivuli. Moshi wote ukaja kwa bi harusi. Wanja ulimtiririka mpaka kidevuni, na aliyempamba akalazimika kuanza upya huku wageni wakingoja. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyeonyesha pahala. Tangu siku hiyo husimama kwanza nikahisi upepo shavuni.

Tarehe imeshawekwa, ni katikati ya Mei. Tuna wasiwasi wa mvua. (Mama, Kisauni)

Wasiwasi wenu ni wa haki. Masika yetu huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa mjini. Kama tarehe bado inasogezeka, isogezeni Julai au Agosti, mvua kubwa ikiwa imepungua na jua ni la huruma, au Januari na Februari ambapo ni kukavu ingawa joto linachosha. Kama haisogei, msitegemee hema peke yake. Mvua ya Mei huja kwa mshazari na maji hupita chini ya majamvi. Chimbeni mfereji mdogo kuzunguka hema siku mbili kabla, mwage kokoto panapotuama maji, na mkubaliane na jirani mwenye baraza au sebule kubwa kwamba mambo yakiharibika mtahamia kwake. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya siku, na yeye awe miongoni mwa waalikwa.

Nikaha inaweza kufungwa uani kwa wakwe badala ya msikitini? Itatambulika kisheria? (Bwana harusi, Likoni)

Inaweza. Nikaha inataka walii, yaani msimamizi wa kumwoza binti, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuoza na ya kukubali; hayo yote yanapatikana jamvini. Kisheria, angalia ni nani anayeifunga. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 ndoa ya Kiislamu hufungwa na kadhi, sheikh au imamu aliyeruhusiwa na Msajili wa Ndoa. Muulize mapema kama anayo ruhusa hiyo, na msiondoke bila kukamilisha karatasi za kusajili. Vitambulisho vyenu na vya mashahidi viwe vimewekwa pamoja tangu jana yake, katika bahasha moja, kwa mtu mmoja.

Swali lako lina mwenzake kutoka Mikindani, anayetaka ndoa ya serikali kisha chakula nyumbani. Kwake yeye: ilani ya maandishi kwa msajili hutolewa si chini ya siku 21 kabla, kwa hivyo msipange wageni kwanza.

Na wewe wa Likoni, msafara wako unavuka feri. Kama nikaha ni baada ya Alasiri, muwe mmeshavuka kabla ya Adhuhuri, mkaswali upande wa huku.

Nataka kupamba kwa binti yangu kuwe uani, wanawake peke yao, lakini sasa tumezungukwa na maghorofa. Watu wa juu wanaona kila kitu. Na hizi simu nazo? (Mama wa bi harusi, Majengo)

Dadangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Hili ndilo lililowafukuza wengi uani. Zamani ukuta wa ua ulitosha, maana hakukuwa na mtu aliye juu yako isipokuwa mnazi. Leo mwanamke anavua buibui uwanjani kwake na kuna dirisha la orofa ya nne.

Dari ya kitambaa inawezekana. Hema la kukodi lenye paa zito ni bora. Kama hakuna, pigeni kamba kutoka ukuta hadi ukuta na mzitandaze shuka mbili mbili, moja juu ya nyingine. Chini yake mnaweza kufunga leso za kisutu, zile nyekundu, nyeusi na nyeupe za harusi, na uwanja ukavaa rangi yake bila pambo jingine. Kinachosahauliwa ni taa. Usiku, kitambaa chembamba chenye taa chini yake humwonyesha wa juu kila kivuli. Taa ziwekwe chini, kando ya kuta, zielekee chini. Kisha mmoja wenu apande orofani kwa jirani kabla ya siku, kwa adabu, atazame kutoka dirishani kwao. Mtajua kilichobaki wazi, na jirani naye atajua kuna stara inayoombwa.

Simu zataka ujasiri. Wekeni kikapu mlangoni na mtu mzima kando yake, mwanamke ambaye hakuna anayeweza kubishana naye. Kila familia ina mmoja. Asiseme “hairuhusiwi”. Aseme, “Mwanangu, nipe nikuwekee,” na mkono uwe umeshanyooshwa. Kila simu itiwe katika bahasha yenye jina. Picha mbili tatu za kumbukumbu apige mtu mmoja aliyechaguliwa na binti mwenyewe. Binti anayepambwa ana haki ya kutazamwa na wale tu aliowafungulia mlango, na sisi wazazi ndio walinzi wa haki hiyo usiku ule.

Tuna choo kimoja, na maji ya mfereji huja yanapotaka. (Msomaji, Changamwe)

Ombeni choo cha jirani wa kulia na wa kushoto, na mtoe mtu wa kuvisafisha vyote vitatu. Maji nunueni kwa mkokoteni tangu siku mbili kabla, mtungi kwa mtungi, mjaze mapipa. Msingoje asubuhi ya harusi. Maji ya kupikia yatengwe na kufunikwa, kwa sababu watoto watanawa miguu popote.

Muziki mpaka saa ngapi? (Kijana, Tudor)

Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha usiku katika makazi ya watu ni cha chini mno hata spika ndogo hukivuka. Anzeni baada ya Alasiri. Nami nawaomba mfikirie vugo: wanawake, pembe za nyati, vijiti vya kupigia na nyimbo. Halitaki stima. Spika itawazuia wageni kusemezana, na ninyi mmewaita 60 ili msemezane.

Asmini tununue lini, na tuziweke vipi zisisinyae? (Dada wa bi harusi, Mji wa Kale)

Siku ile ile, mwanangu. Chukueni vitumba vilivyochumwa bado vimefumba, vyeupe, vigumu kidogo ukivibana kwa kidole. Vilivyokwisha kufunguka alasiri vitakuwa vya manjano kabla ya wageni kukaa. Vilazeni juu ya kitambaa kibichi, mfunike kwa jani la mgomba, mviweke kivulini. Visimwagiwe maji, maji yakilala juu yake huacha madoa.

Kaeni watatu au wanne baada ya swala ya Alasiri mtunge vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa nyweleni: asmini, mrihani, na vipande vya waridi. Vikuba 60 vinataka saa moja unusu kwa mikono iliyozoea, na mbili kwa isiyozoea. Vipangeni katika sinia kando ya mlango, na mtoto mmoja apewe kazi ya kumkabidhi kila mgeni kimoja. Kufikia Magharibi vitakuwa vimeanza kufunguka nyweleni mwa watu.